Kipigo cha Dakika Mbili, Maradhi ya Miaka

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa vikosi, ndugu zangu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa, askari, wapokea simu za dharura, na familia mliofuatana nao: itifaki imezingatiwa.

Nianze na karatasi. Kila kituo kina fomu ya taarifa ya tukio. Ina nafasi ya tarehe, saa, mahali na aina ya jeraha, na chini kabisa kuna swali: je, mhusika aliendelea na zamu? Mhudumu amepigwa ngumi ya taya na mtu aliyekuwa akimfunga bendeji. Anarudi kituoni alfajiri, hoi, fomu ina kurasa kadhaa, na simu nyingine imeshaingia. Akijitahidi sana ataandika: "Uvimbe mdogo. Niliendelea na zamu." Mara nyingi haandiki chochote.

Mimi ni daktari. Watu hawa hunifikia baada ya mwaka, baada ya miaka mitano, wengine baada ya kumi, na haiwaleti taya. Wanakuja na shinikizo la damu linalogoma kushuka, usingizi uliopotea, kichwa kinachouma kila jioni. Wengine huletwa na wenzi wao waliochoka kuishi na mtu asiyesema. Nikiwauliza kama waliwahi kushambuliwa kazini, wanacheka. Wanacheka kweli, kana kwamba nimewauliza kama waliwahi kunyeshewa mvua.

Nina jambo moja la kuwaambia. Shambulio dhidi ya mhudumu wa dharura linaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa miaka, lakini taratibu zetu karibu zote zinalichukulia kuwa tukio lililokwisha. Ngumi imetua, damu imefutwa, faili limefungwa. Mwili haujafunga faili lolote.

Wala sizungumzii watu wachache wenye bahati mbaya. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hupatwa na ukatili wa kimwili katika maisha yao ya kazi. Kwa walio kwenye magari ya wagonjwa hali ni mbaya zaidi: mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalikuta kati ya asilimia 57 na 93 wamewahi kutukanwa, kutishwa au kupigwa angalau mara moja. Hata tukichukua kiwango cha chini, ni zaidi ya nusu.

Sasa tuulize anayepiga ni nani, kwa sababu jibu lake linahusu afya moja kwa moja.

Watu wa nje wakisikia "shambulio" hufikiria jambazi. Ninyi mnajua kwamba mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe, au ndugu yake. Amelewa, au amepigwa kichwani, au ametoka kwenye degedege na akili haijarudi, au ni mama aliyeona mtoto wake hapumui na nyinyi mmechelewa kwa sababu mliambiwa nyumba siyo. Chukueni kijana mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno. Umepanda naye nyuma ya gari, nafasi haitoshi hata kunyoosha mikono. Umefungua mkanda wako ili umfikie, umepata mshipa, unasukuma glukosi taratibu. Anafumbua macho. Hajui yuko wapi, na kitu cha kwanza anachokiona ni uso wa mtu asiyemjua umemwinamia. Anakupiga kichwa cha pua. Dakika tano baadaye sukari imepanda, amejitambua, anakuomba radhi huku analia.

Utamkasirikia nani? Hakuna wa kumkasirikia. Unamwambia usijali, unaziba pua kwa shashi, unamfikisha hospitali. Nataka wakuu wa vikosi walisikie hili vizuri: kutokuwa na kosa kwa mgonjwa hakupunguzi chochote katika kile kilichoupata mwili wa mhudumu. Tezi zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini ileile ambayo zingeimwaga kwa jambazi. Ubongo umejifunza somo lilelile: anayefumbua macho anaweza kukupiga. Na hasira isiyo na pa kwenda haiyeyuki. Nimeiona ikitokea nyumbani, kwa watoto, na barabarani.

Yapo pia mashambulizi ya makusudi kabisa. Tarehe 24 Desemba 2012, huko Webster katika jimbo la New York, mtu aliwasha moto kisha akawavizia wazima moto waliokuja kuuzima. Aliwaua wawili na kujeruhi wengine. Juni 2025, katika jimbo la Idaho, wazima moto wawili waliuawa kwa risasi kwenye moto wa msituni uliowashwa kwa hila kama hiyo. Katika nchi zenye vita, waokoaji wamejifunza kuogopa bomu la pili, lile linalongoja mpaka wao wafike. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 mwezi Mei 2016 kulaani mashambulizi dhidi ya wahudumu wa afya vitani. Matukio ya namna hii ni machache ukilinganisha na ngumi na mateke ya kila wiki, lakini yanaacha alama kwa maelfu ambao hawakuwepo. Baada ya habari kama hizo, kila moto mdogo wa takataka unakuwa na swali ndani yake.

Nije kwenye mwili, maana tukisema athari za muda mrefu watu hukimbilia akili na kuusahau mwili.

Kichwa kikitikiswa, mtu anaweza asizimie, asitapike, na bado ubongo ukawa umeumia. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Baadhi hubaki kwa miezi na kichwa kinachouma, mwanga unaowachoma macho, kusahau majina ya dawa walizozitumia miaka yote, na hasira za ghafla. Mtu huyo akirudi zamu siku ya pili na kupigwa tena kabla hajapona, hali huwa mbaya zaidi. Na fomu inasema: uvimbe mdogo.

Kukabwa shingo ndiko kunakonitia hofu kuliko yote. Mhudumu amekabwa kwa sekunde kadhaa, wenzake wamemnasua, sauti imekwaruza kidogo, shingo haina hata alama. Anaendelea. Lakini ndani ya shingo hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, na kubanwa kunaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa. Pale palipochanika damu huganda, na donge likichomoka huenda kwenye ubongo. Kiharusi kinaweza kuja baada ya saa kadhaa, au siku, hata wiki, kwa mtu mwenye umri mdogo asiye na shinikizo la damu. Kila aliyekabwa apimwe siku hiyohiyo, hata akisema hajambo. Akiona uso umeanguka upande mmoja, kope imelegea, au maumivu mapya ya shingo yanayopanda kichwani, asisubiri kesho.

Kung'atwa na kutemewa mate nitapita haraka. Mate peke yake hayaambukizi virusi vya UKIMWI. Wengi wamekosa usingizi wiki nzima kwa kutolijua hilo. Jino lililotoa damu ni habari nyingine, na kidonda cha meno ya binadamu huoza upesi, hasa kikiwa mkononi kwenye viungo vya vidole. Chanjo ya homa ya ini B iwe imekamilika kabla mtu hajapanda gari kwa mara ya kwanza. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinaanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora, kisha huendelea kwa siku 28. Siku hizo 28 mtu anameza vidonge, tumbo linamsumbua, anaogopa kumkaribia mwenzi wake. Nani kituoni anajua kwamba yuko kwenye dawa hizo? Mara nyingi hakuna.

Basi tuje kwenye kiwewe.

Utambuzi wa ugonjwa huu, yaani msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, uliingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Toleo la mwaka 2013 likaongeza jambo linalowagusa ninyi moja kwa moja: mtu anaweza kuupata hata kama si yeye aliyepigwa, kwa kukutana mara kwa mara, kwa sababu ya kazi yake, na undani wa mambo ya kutisha yaliyowapata wengine. Ninyi mnapigwa na mnakusanya ya wengine. Mnapata kwa milango yote miwili.

Dalili zenyewe mnazijua hata kama hamjaziita ugonjwa. Tukio linarudi bila kuitwa, usiku kwa jinamizi au mchana kwa harufu tu. Mtu anakwepa mtaa fulani, au anabadilishana zamu kila mara asipangwe nyuma ya gari. Anakaa akiangalia mlango. Anashtuka mlango wa gari ukisukumwa kwa nguvu. Furaha inakauka, hata kwa mtoto wake mwenyewe. Ikizidi mwezi mmoja na ikiharibu maisha, huo ni ugonjwa. Na hapa ndipo fomu yetu inapotuangusha kabisa: kuna watu ambao picha kamili ya ugonjwa hujitokeza baada ya miezi sita au zaidi. Kufikia hapo kesi imekwisha, msimamizi amehamishwa, na mhudumu mwenyewe haunganishi kinachomtesa na lile tukio. Anajiona amekuwa mtu mbaya tu.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 11 ya wahudumu wa ambulensi wana kiwewe cha namna hii, na asilimia 15 wana sonona. Katika kituo chenye watu arobaini, wanne au watano wanaendesha gari usiku huu wakiwa na kiwewe.

Nisiwatishe kupita kiasi, maana upande wa pili nao ni wa kweli. Baada ya bomu la Oklahoma City, nchini Marekani, mwaka 1995, watafiti waliwapima wazima moto 181 walioshiriki uokoaji. Asilimia 13 walikuwa na kiwewe, ilhali kwa wanaume waliojeruhiwa au kunusurika moja kwa moja ilikuwa asilimia 23. Mafunzo yanasaidia, kikosi kinasaidia, kujua kwa nini uko pale kunasaidia. Lakini watafiti haohao walikuta jambo la pili: karibu robo ya wazima moto walikuwa na matatizo ya pombe baada ya bomu, na karibu wote walikuwa nayo kabla yake. Yaani bomu halikuleta ulevi. Ulevi ulikuwepo tayari, kimyakimya, na hakuna aliyeuhesabu mpaka bomu lilipowaleta watafiti.

Moyo nao. Katika wazima moto wa Marekani, karibu nusu ya vifo vinavyotokea kazini husababishwa na moyo. Ving'ora vya usiku, usingizi wa vipande vipande, joto, mbio za ghafla kutoka kitandani: vyote hivyo tayari vinauchosha moyo. Kiwewe kikiongezeka juu yake, mapigo hayashuki hata siku ya mapumziko, na tafiti za miaka mingi zimekihusisha na ongezeko la magonjwa ya moyo. Kwa hiyo mtu akiniletea shinikizo la damu katika umri wa miaka thelathini na mitano, namuuliza habari za chumvi, naam, lakini namuuliza pia nani alimpiga.

Kuna mahali ambapo dunia imejifunza kuhesabu kwa miaka. Mwezi Machi 1995, magaidi walipomwaga gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo, waokoaji 1,364 wa zimamoto walihudumu, na 135 kati yao wakapata dalili za sumu, wengi kwa kuwabeba wagonjwa ambao nguo zao zilikuwa zikitoa mvuke. Karibu miaka mitatu baadaye, wazima moto na polisi waliopatwa na gesi walipopimwa, kumbukumbu zao zilionekana kudhoofika. Hilo lilijulikana kwa sababu moja tu: mtu alirudi kuwapima.

Na New York. Tarehe 11 Septemba 2001, magaidi walipoangusha majengo pacha kwa ndege, walikufa wazima moto 343 wa jiji lile kwa siku moja. Mwezi Septemba 2023, idadi ya wenzao waliofariki baadaye kwa maradhi yaliyotokana na vumbi na moshi wa eneo lile ilifikia 343 vilevile, na imeendelea kupanda. Sheria iliyotiwa saini Januari 2011 iliweka mpango wa kuwapima na kuwatibu, na mwaka 2015 ukaongezewa muda hadi mwaka 2090. Fikirieni hesabu hiyo: asubuhi moja, ufuatiliaji wa miongo tisa. Kweli, wale hawakulengwa wao hasa, na vumbi si ngumi. Lakini kanuni ni ileile, na sisi tunampa mtu aliyevunjwa pua siku tatu za kupumzika kisha tunamkabidhi ufunguo wa gari.

Sasa tufanye nini? Nitasema kwanza tusichofanya.

Tusiwakusanye watu usiku uleule na kumlazimisha kila mmoja asimulie alivyojisikia. Ilikuwa desturi kwa miaka, kwa nia njema kabisa. Utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na baadhi ya watu huzidi kuumia. Tusiwape vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu ili walale. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inakataza kuvitumia kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Na mnisamehe wenye semina, ila mimi sina imani na semina za ustahimilivu zinazomfundisha mtu kupumua kwa hesabu ya nne halafu usiku wake zinamtuma peke yake kwenye nyumba ileile alikotishiwa kisu. Anwani iliyowahi kuwa na vurugu iwekewe alama, na mpokea simu aseme kabla gari halijaondoka. Hilo linalinda moyo kuliko pumzi yoyote.

Siku ya kwanza mtu anahitaji mambo madogo ya kweli: kutolewa kwenye zamu bila kuomba, kuchunguzwa na tabibu, kupewa chai, mwenzake amfikishe nyumbani, msimamizi apige simu kesho yake kuuliza hali bila kuuliza anarudi lini. Asiyetaka kusema asisemeshwe. Fomu ijazwe na msimamizi, si na aliyepigwa, na iandikwe kila kitu hata kama hakuna alama mwilini: alikabwa, alipoteza fahamu au la, alitishiwa kuuawa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosimama upande wake akidai fidia miaka sita baadaye.

Kisha apigiwe tena baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya sita, na baada ya mwaka. Mwenye jukumu hilo awe na jina, isiwe "idara itafuatilia". Anayeonekana kuumia apelekwe kwa mtaalamu anayejua tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, au ile inayotumia mwendo wa macho. Zote mbili zina ushahidi mzuri, na watu hupona. Nasisitiza: hupona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini vituoni kwetu anayeficha ana sababu. Ameona mwenzake aliyesema akinyang'anywa gari na kupelekwa stoo kuhesabu mablanketi. Mpaka kusema kuache kuwa njia ya kushushwa cheo, msitegemee mtu aseme.

Sheria zipo na zinaongezeka. Uingereza na Wales zina sheria ya mwaka 2018 mahsusi kwa wanaowashambulia wahudumu wa dharura, na mwaka 2022 adhabu ya juu kabisa chini yake iliongezwa kutoka mwaka mmoja hadi miwili. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unataka ukatili kazini ushughulikiwe hata ukitoka kwa watu wa nje, mteja au mgonjwa. Naunga mkono. Ila hukumu haimrudishii mtu usingizi, na kesi inayoahirishwa mara kwa mara humfanya mhudumu alisimulie shambulio kila anapoitwa. Anayekwenda mahakamani asiende peke yake, na siku hiyo ihesabiwe kuwa siku ya kazi.

Kwa familia, moja tu. Mkiona ameanza kulala sebuleni, kunywa peke yake, kukagua kufuli mara tatu, msimwambie amebadilika. Muulizeni zamu ipi. Mara nyingi anaikumbuka, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Na akianza kusema kwamba ingekuwa heri asiwepo, huo si uchovu: msimwache peke yake, na mtafuteni daktari saa hiyohiyo.

Wakuu wa vikosi, fomu mpya iko mezani kwa mwenyekiti, ni ukurasa mmoja, na tarehe za kupiga simu zimeshachapwa chini. Pamebaki nafasi ya jina la atakayepiga. Naomba mlijaze kabla hamjaondoka.

Tuna muda wa maswali. Naomba tuanze na wapokea simu, maana nao hutishiwa kuuawa kila wiki na hata kwenye fomu ya zamani hawakuwemo.